Maharage ya Gavana

Mwaka 1970 gavana wa Texas, Preston Smith, alisimama kuhutubia katika Chuo Kikuu cha Houston, na wanafunzi hawakumpa nafasi. Walipiga kelele ile ile, tena na tena, mpaka hotuba ikaishia njiani. Baadaye gavana alisema hakuelewa wale vijana wana ugomvi gani na maharage. Masikio yake yalikuwa yamesikia “frijoles”, neno la Kihispania ambalo kila mtu wa Texas analifahamu kwa kuwa analila. Wanafunzi walikuwa wakisema “Free Lee Otis”: mwachieni Lee Otis.

Lee Otis Johnson alikuwa kijana mweusi wa Houston, mwanaharakati wa SNCC, kundi la wanafunzi waliopigania haki za watu weusi, ambaye polisi na wakuu wa mji walikuwa wamemchoka. Mwaka 1968 alihukumiwa kifungo cha miaka 30. Kosa lake: alimpa msokoto wa bangi mtu aliyemdhani mwenzake, kumbe askari kanzu. Msokoto mmoja, miaka 30. Kama si jaji wa mahakama ya shirikisho kuitengua hukumu ile mwaka 1972, huenda angeyamaliza maisha yake ya ujana akihesabu matofali.

Nimekuwa nikisikiliza mjadala wa bangi wa Texas kwa miaka kadhaa sasa, na kila ninapodhani nimeuelewa narudi kwenye maharage yale. Mmoja anapiga kelele kuhusu mtu, mwingine anasikia habari za chakula. Wanaotaka bangi ihalalishwe na wanaotaka ipigwe marufuku hubishana juu ya jani: linatibu, halitibu, linapumbaza, halipumbazi. Wakati huo huo, ukitaka kujua sheria inasema nini hasa, jani halitakusaidia sana. Uliza nani kalishika, kasimama upande gani wa barabara, na mfukoni ana karatasi gani. Hilo la karatasi ndilo linalotuhusu sisi tuliotoka Kigoma, Bukavu, Mombasa na Mogadishu tukaishia kwenye maghorofa ya Vickery Meadow kule Dallas au Alief kule Houston, na ndilo ambalo wabishani wakubwa wa Texas hawalitaji kabisa.

Neno bangi sisi tuliletewa na Bahari ya Hindi, pamoja na majahazi, kutoka Bara Hindi. Wamarekani neno “marijuana” waliletewa na Meksiko, na neno hilo ndilo lililowatia hofu. El Paso, mji wa Texas unaotazamana na Meksiko ng'ambo ya mto, ulipiga marufuku bangi mwaka 1915, ukiwa miongoni mwa miji ya kwanza nchini kufanya hivyo. Ilikuwa miaka ya mapinduzi ya Meksiko. Wakimbizi walikuwa wakivuka kila siku, na watu wa El Paso waliamini jani lile ndilo linalowatia wageni wazimu. Mzee wa Kiswahili angecheka hapo, maana hata kwetu mvuta bangi ni yule mtoto wa jirani, kamwe si wa kwako. Texas nzima ikafuata, na kuanzia mwaka 1931 mtu aliyekutwa na bangi angeweza kufungwa maisha. Mambo yalilegea mwaka 1973, Bunge la jimbo lilipoamua kwamba bangi isiyozidi wakia mbili, yaani gramu 57 hivi, iwe kosa dogo, ambalo adhabu yake leo ni jela isiyozidi siku 180 na faini isiyozidi dola 2,000. Miaka zaidi ya hamsini imepita na kiwango hicho cha wakia mbili kiko pale pale. Majimbo ya Colorado na Washington yalihalalisha kwa kura mwaka 2012. New Mexico, jirani wa magharibi, ilifungua maduka Aprili 2022. Oklahoma, mwendo wa saa moja na ushei kaskazini mwa Dallas, ina maduka ya bangi ya tiba tangu kura ya mwaka 2018, na yamejaa kama vibanda vya M-Pesa. Texas imekaa katikati, mikono kifuani.

Lakini tuseme Texas ipi? Hapa ndipo mgeni anapopotea.

Tarehe 1 Machi 2017, mwendesha mashtaka mkuu mpya wa Kaunti ya Harris, Kim Ogg, alianza utaratibu wake. Aliyekutwa Houston na bangi isiyofika wakia nne hakutiwa pingu. Alisaini karatasi, akalipa dola 150, akahudhuria darasa la saa nne, mambo yakaisha, wala jina lake halikuingia kwenye rekodi ya waliokamatwa. Sherifu Ed Gonzalez na mkuu wa polisi wa Houston, Art Acevedo, walisimama naye. Hoja yao ilikuwa ya fedha zaidi kuliko ya huruma: kwa hesabu ya Ogg, kaunti ilikuwa imetumia kama dola milioni 250 katika miaka kumi kushughulikia kesi zaidi ya 100,000 za bangi kidogo, na mitaa haikuwa na usalama zaidi kwa hilo. Mwenzake wa Kaunti ya Montgomery, Brett Ligon, alilalamika kwamba Houston inageuzwa kimbilio la wavuta bangi. Basi panda gari, shika barabara ya I-45 kuelekea kaskazini. Hakuna lango, hakuna kizuizi, hakuna hata bango kubwa. Ukishavuka Spring Creek, kijito ambacho madereva wengi hawakioni, enzi hizo ulikuwa umetoka kwa Ogg umeingia kwa Ligon, na kile kilichokuwa darasa la saa nne kilikuwa kimegeuka jela.

Kule Dallas mambo ni tata zaidi, kwa sababu miji yenyewe imetandazwa juu ya mipaka. Uwanja wa ndege wa DFW umekalia kaunti mbili, Dallas na Tarrant. Grand Prairie, ambako Wakenya wengi wamenunua nyumba, ina mitaa Dallas na mitaa Tarrant. Polisi wa Dallas walipoanza Desemba 2017 kuwapa watu wito wa mahakamani badala ya kuwafunga pingu, unafuu huo ulihusu tu sehemu ya mji iliyo ndani ya Kaunti ya Dallas. Mkazi wa Dallas aliyekuwa upande wa Collin au Denton alibaki na sheria ya zamani, ingawa taka zake zilizolewa na lori la manispaa ile ile. Mwaka 2019 John Creuzot, jaji wa zamani, aliingia katika ofisi ya mashtaka ya Dallas na kutangaza kwa barua ya wazi kwamba hatashtaki mtu anayekutwa na bangi kidogo kwa mara ya kwanza. Fort Worth, makao makuu ya Tarrant, haikupata barua ya namna hiyo.

Wananchi walipochoka kusubiri waliingia wenyewe ulingoni. Katiba ya Texas haiwapi raia nafasi ya kuandika sheria ya jimbo kwa kura, kama walivyofanya Colorado, ila miji mikubwa ina katiba zake, na katiba ya mji inaweza kubadilishwa na wakazi wakikusanya saini. Denton, mji wa chuo kaskazini mwa eneo la Dallas, ulipiga kura Novemba 2022, na zaidi ya asilimia 70 wakasema polisi waache kukamata watu kwa bangi kidogo. Uongozi wa mji ukasema hauwezi kuwaamuru polisi wapuuze sheria ya jimbo. Tarehe 5 Novemba 2024 ikawa zamu ya Dallas: Pendekezo R lilipita kwa theluthi mbili ya kura. Polisi wasikamate kwa bangi isiyozidi wakia nne, na harufu pekee isiwe sababu ya kupekua gari. Kabla mwezi haujaisha, mwanasheria mkuu wa jimbo, Ken Paxton, alikuwa ameushtaki mji wa Dallas, kama alivyokwisha kuishtaki Denton, Austin na wengine mwanzoni mwa mwaka huo. Hoja yake ni nyepesi kueleza: sheria ya jimbo inakataza mji kuwa na sera ya kutotekeleza sheria za dawa za kulevya. Mwaka 2025 mahakama ya rufaa ilikubaliana naye juu ya Austin na San Marcos.

Lile la harufu naliona ndilo lenye uzito kuliko wakia. Ripoti ya mwaka 2020 ya ACLU, shirika la kutetea haki za raia, ilionyesha kuwa nchini Marekani mtu mweusi alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara tatu kukamatwa kwa bangi kuliko mzungu, ingawa wanavuta kwa viwango vinavyokaribiana. Polisi anayekusimamisha usiku haulizi kama babu yako alizaliwa Fifth Ward ya Houston au Uvira ya Kongo. Ananusa, au anasema amenusa, na kuanzia hapo gari lako ni mali yake kwa nusu saa.

Na neno la polisi lina uzito wa kutisha. Januari 28, 2019, kikosi cha dawa za kulevya cha Houston kilivunja mlango wa nyumba moja ya mtaa wa Harding kwa kibali kilichodai kwamba humo inauzwa heroini. Wenye nyumba, Dennis Tuttle na Rhogena Nicholas, waliuawa. Askari wanne walipigwa risasi. Heroini haikuwepo. Kilichopatikana ni bangi na kokeini kidogo, kiasi cha mtu kutumia mwenyewe. Askari aliyeomba kibali, Gerald Goines, alikuwa ameitunga habari ya mauzo. Mwaka 2024 alikutwa na hatia ya mauaji na kufungwa miaka 60, mara mbili ya alichopewa Lee Otis kwa msokoto. Nimeuweka mkasa huu hapa, ingawa haukuanzia kwenye bangi, kwa sababu watu wa Houston wanapobishana juu ya vita vya dawa za kulevya ndio unaokuja mdomoni kwanza.

Sasa tuje kwenye kichekesho kikubwa, nacho kilitokea kwa bahati mbaya.

Masika ya mwaka 2019, mbunge Joe Moody wa El Paso alifanikiwa kupitisha katika Baraza la Wawakilishi muswada wa kupunguza adhabu ya bangi kidogo. Naibu gavana Dan Patrick, ambaye ndiye anayeiongoza Seneti na ambaye kabla ya siasa alikuwa mtangazaji wa redio Houston, alitangaza kwamba muswada huo kwake umekufa. Ukafa. Wiki chache baadaye, tarehe 10 Juni, Gavana Greg Abbott alitia saini sheria nyingine ambayo hakuna aliyeipigia kelele, ya kuwaruhusu wakulima walime hempu. (Kamusi zitakwambia hempu ni katani, ila mtu wa Tanga ukimtajia katani anaona mkonge, kwa hiyo tuache hempu iwe hempu.) Hempu ni mmea ule ule wa bangi, isipokuwa THC yake, kile kinacholevya, ni hafifu. Sheria ilichora mstari: ikiwa THC ya aina ya delta-9 haizidi asilimia 0.3 ya uzito, ni hempu, halali. Ikizidi, ni bangi, haramu.

Maabara za polisi Texas ziliweza kusema THC ipo au haipo. Ni kiasi gani, nyingi hazikuwa na mashine ya kupimia. Ghafla kila mfuko wa majani ukawa na wakili anayeuliza: mna hakika si hempu? Waendesha mashtaka wakaanza kufuta kesi, na hata Tarrant, ile Tarrant isiyo na masihara, ilifuta zaidi ya 200. Gavana, naibu wake, mwanasheria mkuu na spika waliandika barua ya pamoja mwezi Julai kuwakumbusha kwamba bangi bado ni kosa. Barua haipimi THC.

Kisha wafanyabiashara walikaa chini na kikokotoo. Asilimia 0.3 ya jani kavu ni kidogo, lakini asilimia 0.3 ya peremende si haba: peremende yenye gramu nne inaweza kubeba miligramu 12 za delta-9 na ikabaki ndani ya mstari, na miligramu 12 zinamtosha mtu asiyezoea kulala na viatu. Wengine wakagundua kwamba ua la mmea likiwa bichi lina THCA, ambayo si delta-9 mpaka uichome moto. Na ua, bila shaka, hununuliwa lichomwe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba katika jimbo ambalo Seneti imekataa bangi mwaka baada ya mwaka, kufika 2025 kulikuwa na sehemu zaidi ya 8,000 zenye leseni ya kuuza bidhaa za hempu, nyingi zikiwa maduka ya sigara na vituo vya mafuta, peremende zimepangwa kando ya mashine ya pesa, karibu na pipi za watoto.

Dan Patrick alikasirika, na kwa hili simlaumu sana. Alisema bidhaa hizo ni kali, zimefungwa kwa rangi za kuwavutia wanafunzi, na maduka yamejipanga karibu na shule. Mzazi yeyote aliyemchukua mtoto wake shule huko Houston kusini-magharibi ameyaona. Sheria yake ya kupiga marufuku kila kitu chenye THC ilipita mabaraza yote mawili mwaka 2025. Lakini waliokuja Austin, makao ya Bunge, kuipinga hawakuwa vijana wenye nywele ndefu. Walikuwa maveterani wa Iraki na Afghanistan, waliosema zile peremende ndizo zinazowapa usingizi bila vidonge vya hospitali. Walikuwa wakulima na wenye maduka. Usiku wa Juni 22, dakika chache kabla ya muda wake kwisha, Abbott akaipiga veto. Vikao viwili maalumu vya Bunge viliitishwa baada ya hapo na havikuafikiana, na Septemba gavana akaamuru kwamba wasiofika miaka 21 wasiuziwe. Mwisho serikali kuu ikaingilia: sheria ya matumizi ya serikali iliyotiwa saini Novemba 12, 2025 inaweka kikomo cha miligramu 0.4 za THC kwa pakiti nzima, kuanzia Novemba 2026. Zile 12 za peremende moja zigawanye mwenyewe.

Kuna mlango wa tatu, wa hospitali, na aliyeufungua ni muuguzi. Stephanie Klick, mbunge wa Republican kutoka upande wa Fort Worth, alisukuma mwaka 2015 sheria iliyowaruhusu wagonjwa wa kifafa kisichosikia dawa kupata mafuta yenye THC isiyozidi asilimia 0.5. Ilipanuliwa mwaka 2019, ikapanuliwa 2021 hadi asilimia 1 na kuwagusa wagonjwa wote wa saratani na wenye majeraha ya akili yatokanayo na mshtuko mkubwa (PTSD), na 2025 yakaongezwa maumivu sugu. Polepole, kwa aibu, Texas imejenga mfumo wa bangi ya tiba huku ikikwepa kuuita hivyo.

Kabla hujacheka, sikia hili. Peremende ya kituo cha mafuta Houston ni halali kwa sheria ya Texas. Peremende inayofanana nayo, iliyonunuliwa kihalali duka la Colorado na kuletwa Dallas kwenye buti la gari, haimo katika zile wakia mbili za kosa dogo. Sheria ya Texas huihesabu THC iliyokamuliwa kando na jani, hata chini ya gramu moja ni kosa kubwa la jinai, na mzani hupima peremende nzima pamoja na sukari yake. Mwaka 2014, huko Round Rock, kijana wa miaka 19 alijikuta mwanzoni akikabiliwa na uwezekano wa kifungo cha maisha kwa sababu ya keki, kwa kuwa siagi na unga na kakao viliingizwa kwenye uzito. Kama angekutwa na majani yenye THC kiasi hicho hicho, pengine angelala nyumbani.

Nimefika kwenye karatasi.

Katika mazungumzo ya Waafrika Mashariki wa Texas, bangi haizungumzwi. Hutajwa kwa kunong'ona, baada ya ibada, mtoto wa fulani kakamatwa. Wazee waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma wanaijua kama njia ya wazimu na wanaishia hapo. Mwaka 2022 George Wajackoyah alipogombea urais wa Kenya akiahidi kulima bangi ili kulipa deni la taifa, Wakenya wa ughaibuni walisambaziana video zake wakicheka. Alipata chini ya asilimia moja. Na dunia hupinduka: miraa inayolipia ada za shule Meru, Marekani inakutia matatani, kwa kuwa cathinone iliyo ndani yake imewekwa daraja la juu kabisa la dawa zilizokatazwa. Basi kijana aliyekuja na miaka saba, anayeongea Kiingereza cha Texas kuliko Kiswahili cha mama yake, anasikia kwenye redio kwamba Dallas imepiga kura na bangi sasa ruksa. Anaamini. Rafiki zake wote wameamini, na kwao ni karibu kweli.

Kwake si kweli. Sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho, haikupiga kura Dallas. Inasema asiye raia akitiwa hatiani kwa dawa za kulevya anaweza kurudishwa kwao, isipokuwa kosa liwe moja tu, la bangi ya kutumia mwenyewe isiyozidi gramu 30. Weka namba hizo kando kando: Pendekezo R linazungumzia wakia nne, gramu 113. Uhamiaji unazungumzia gramu 30, mara moja katika maisha.

Tena neno “kutiwa hatiani” lina mtego ambao umewanasa wengi. Mahakama za Texas hupenda mpango ambapo mshtakiwa anakiri, hakimu anaahirisha hukumu, na akimaliza muda wake vizuri kesi inafutwa. Wakili wa kupewa na serikali atasema kwa nia njema: kubali, itafutika, hutakuwa na rekodi. Kwa mzaliwa wa Houston hilo ni ushauri mzuri. Kwa mwenye grinkadi ni kuruka majivu na kukanyaga moto, kwa sababu mbele ya uhamiaji kukiri kukifuatwa na masharti yoyote ya mahakama ni hatia kamili, ifutwe isifutwe. Utaratibu wa Ogg wa Houston ulikuwa na unafuu kwa sababu hiyo hasa: ulimaliza mambo kabla ya mashtaka, hakuna mahali pa kukiri. Sidhani kama walipouandika walimfikiria mkimbizi wa Kongo, lakini yeye ndiye aliyefaidika kuliko wote, ikiwa alikuwa upande wa kusini wa Spring Creek.

Mahakama Kuu ya Marekani imewahi kuyaona haya. José Padilla alikuwa mzaliwa wa Honduras, mkazi halali kwa miaka arobaini, mwanajeshi wa Vietnam na dereva wa lori. Alikamatwa Kentucky na shehena ya bangi kwenye lori lake, wakili wake akamwambia asijali uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu, akakiri. Machi 2010 mahakama iliamua kwamba wakili analazimika kumweleza mteja asiye raia kuwa kukiri kunaweza kumfukuzisha nchini. Miezi isiyotimia mitatu baadaye ilikuja kesi ya Texas yenyewe. José Angel Carachuri-Rosendo alifika na miaka mitano. Mama yake, dada zake na watoto wake wanne walikuwa raia. Mwaka 2004 alifungwa siku 20 kwa bangi isiyofika wakia mbili. Mwaka uliofuata, siku 10 kwa kidonge kimoja cha Xanax bila cheti cha daktari. Serikali ikajumlisha bangi na kidonge, ikasema hilo la pili limekuwa kosa zito la jinai lisiloruhusu hata kuomba huruma ya jaji. Majaji wote tisa walikataa. Ushindi wake, tukiutazama vizuri, ulikuwa ruhusa ya kuomba abaki.

Kwa watu wetu, lori ndilo mahali mambo yote haya yanapokutana. Waulize vijana wa Fort Worth na Houston waliotoka kwenye kazi za ghala na kulea wazee wanataka nini, wengi watakwambia leseni ya kuendesha trela. Leseni hiyo hutolewa na jimbo kwa kanuni za serikali kuu, na kanuni hizo zinadai mkojo upimwe. Tangu Januari 6, 2020 kuna daftari moja la taifa ambalo kila dereva aliyekutwa na dawa huandikwa, na bangi ndiyo inayoongoza kwa mbali. Tangu Novemba 2024, aliyeandikwa humo na hajamaliza hatua za kurejeshwa, jimbo linamnyang'anya leseni ya biashara yenyewe. Wizara ya Usafiri imesema wazi kwamba kula bidhaa ya hempu iliyonunuliwa kihalali si utetezi. Dereva amesimama kujaza dizeli Arlington, mgongo unamuuma, anaona kando ya mashine ya pesa kikopo kilichoandikwa kuwa ni halali Texas, na ni kweli ni halali Texas. Lakini mkojo hausomi lebo. THC ikishaingia mwilini haina cheti cha kuzaliwa, na deni la lori la dola elfu nyingi linaendelea kudai kila mwezi.

Na asiye na lori hajapona. Mwezi Aprili 2019 idara ya uraia ilitoa mwongozo kwamba kujihusisha na bangi, hata katika jimbo lililoihalalisha, hata kwa ajira tu kwenye duka lenye leseni, kunaweza kuhesabika kuwa kasoro ya tabia njema kwa anayeomba uraia. Haihitaji polisi wala hakimu. Kukiri mwenyewe kunatosha. Mtu aliyekwenda kumtembelea binamu Denver, Colorado, wakati wa likizo, akafanya kilichoruhusiwa Denver, anarudi nacho hadi kwenye chumba cha mahojiano cha Irving miaka minne baadaye.

Chumba chenyewe ni kidogo. Kuna meza, bendera, kompyuta, na afisa ambaye mara nyingi ni mpole. Ameshakuuliza rais ni nani na maswali mengine ya historia na serikali. Sasa anapitia orodha ya “je, umewahi”, haraka haraka, kama anayesoma majina ya darasa: umewahi kukamatwa, umewahi kudai kwa uongo kuwa raia, umewahi kuuza au kutumia dawa zilizokatazwa. Ukisema ndiyo, umekiri. Ukisema hapana na ilikuwa ndiyo, umesema uongo ukiwa umeapa, na huo nao ni sababu ya kunyimwa. Afisa anasubiri, vidole vyake viko juu ya kibodi.

“Umewahi hata mara moja?” anauliza tena, kwa sababu umechelewa kujibu.